Uzi wa Kwenda Dukani

Watu walimwita Timazi, na jina hilo si la kupewa na wazazi. Timazi ni ule uzi wa fundi mwashi wenye kichuma kizito mwishoni. Ukiuning'iniza kando ya ukuta, unakwambia ukuta umesimama au umelala. Basi na yeye alikuwa hivyohivyo. Hakuweza kupita karibu na ukuta wa mtu bila kufumba jicho moja. Harusini, msibani, hospitalini, popote. Watu wanalia, yeye yuko pembeni kafumba jicho anapima kona ya dirisha. Mkewe alimkanya mpaka akachoka.

"Mzee, tumekuja kuzika," alikuwa anamnong'oneza. "Hatukuja kukagua."

Mkewe huyo naye walimwita Mama Pindo, kwa sababu alikuwa mshonaji, na pindo alilolishona yeye halikufumuka mpaka nguo yenyewe iishe. Cherehani yake ilikuwa ile ya kukanyaga kwa miguu, na kwa miaka ishirini na sita ilikaa chini ya dirisha lilelile, katika nyumba ileile ya kupanga, vyumba viwili na jiko dogo. Watoto walizaliwa humo, mmoja akafa humo, mmoja akakua akaolewa akahamia ng'ambo ya mji. Huyo aliyeolewa alikuwa karani, binti mwenye maneno makali na moyo laini.

Sasa macho ya Mama Pindo yakaanza kuharibika. Presha ya macho. Ugonjwa huu una adabu mbaya, haupigi hodi mlangoni, unaingilia pembeni. Alianza kugonga fremu za milango kwa bega. Halafu akaanza kupitisha uzi nje ya tundu la sindano. Daktari alipompima akamwita Timazi kando, akakunja karatasi ikawa kama bomba, akamwambia aangalie kupitia humo.

"Mkeo anaona hivi," akasema. "Na hili tundu linaendelea kujiziba. Miezi mitano. Sita, tukibahatika."

Na kama vile hiyo haikutosha, mama mwenye nyumba yao akafariki, na watoto wake wakaja na mtu wa kupima kiwanja. Walitaka kubomoa, wajenge ghorofa. Wapangaji wakapewa miezi mitatu.

Timazi aliporudi kwa daktari kuuliza wafanye nini, yule daktari akasema, "Kama mnahama, hameni mapema, ajifunze nyumba mpya angali ana mwanga. Na mkishahama, baba, msihame tena."

Usiku ule Mama Pindo alisema jambo moja tu. Hakulia, hakulalamika.

"Mimi sina makuu," alisema. "Nataka nyumba ambayo nitaweza kutoka mlangoni peke yangu, niende dukani, ninunue kiberiti changu, nirudi. Bila kushikwa mkono kama mtoto aliyepotea sokoni. Nipe hilo tu, mengine nitayazoea."

Basi hapo ndipo kazi ilipoanza, ya kuzunguka mji kutafuta nyumba. Waliotafuta nyumba ya kupanga wanaijua kazi hiyo. Unaonyeshwa chumba, ukiuliza choo kiko wapi, mtu anaangalia juu kama vile choo kiko mawinguni.

Nyumba moja waliiona wote watatu, baba, mama na binti. Ilikuwa mtaa wa zamani, nyuma ya tanuri la mikate. Vyumba viwili vyenye giza. Lakini mlango wake ulifunguka kwenye kichochoro chembamba, ukuta huku, ukuta huku, na kichochoro hicho kilikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa muuza duka. Mama Pindo alisimama pale katikati, akanyoosha mikono yote miwili, ikagusa pande zote. Akacheka kama msichana.

"Hapa hata nikitaka kupotea siwezi," alisema. "Na harufu ya mkate itaniambia nimefika nyumbani."

"Mama ameshachagua," binti akasema.

Timazi alikuwa kafumba jicho. Alitoa timazi lake mfukoni, maana alitembea nalo kama wenzake wanavyotembea na leso, akaliteremsha pembeni ya ukuta.

"Ukuta huu umelala vidole viwili," akasema.

"Umelala tangu lini?" mkewe akauliza.

"Unaonekana wa siku nyingi. Miaka thelathini labda."

"Basi uache ulale, mzee. Haujamwangukia mtu."

Lakini fundi ni fundi. Miaka arobaini mtu anajengea wengine nyumba zilizonyooka, halafu mwisho wa maisha akamlaze mkewe ndani ya nyumba kombo? Moyo wake ulikataa. Akasema tutafakari, tuangalie na pengine.

Pengine penyewe alipaona siku ya kliniki. Binti alimpeleka mama hospitali, na Timazi akaenda peke yake na dalali. Dalali huyu walimwita Kesho. Alikuwa kijana mwenye viatu vilivyochongoka, na kila alichokuonyesha kilikuwa kinakuja kesho.

"Mzee wangu, huu mtaa unakuja juu, we subiri," alimwambia, anaruka madimbwi. "Hapa lami. Pale zahanati. Kule taa za barabarani, mpaka usiku utashindwa kulala kwa mwanga."

"Na maji?"

"Maji kesho."

"Nilijua utasema hivyo," Timazi akasema, na wote wakacheka.

Lakini nyumba ilikuwa nzuri, tusimsingizie. Imejengwa juzi, madirisha makubwa, sakafu haina hata ufa. Timazi aliteremsha timazi lake kwenye kona zote nne, na uzi ukalala ukutani kama mtoto mgongoni. Alikaribia kutoa machozi. Duka lilikuwepo moja, la mama mmoja mnene mwenye mzaha mwingi, mwisho wa barabara ya vumbi. Na kutoka mlango wa nyumba ile mpaka dukani, upande wa kushoto, kulikuwa na kiwanja kikubwa cha mtu. Msingi wa ukuta ulikuwa umeshachimbwa kando ya barabara yote. Vigingi vimepigwa, tofali zimepangwa, zimefunikwa na turubai.

Timazi alifumba jicho moja akaangalia mstari wa vigingi. Umenyooka. Aliuona ukuta.

Mniache hapa niseme kidogo. Fundi mwashi ana ulimi wake. Mwenye nyumba akija kuona msingi, fundi anamshika mkono anamtembeza juu ya udongo mtupu, "Karibu sebuleni, hapa jikoni, hapa kitanda cha mgeni." Hakuna hata tofali moja, lakini mwenye nyumba anafuta viatu kabla ya kuingia. Timazi alisema hivyo miaka arobaini, na kila alichosema kilikuja kusimama. Kwake yeye, uzi ukishapigwa, ukuta upo. Kilichobaki ni simenti.

Kwa hiyo jioni ile, mkewe alipomuuliza, hakudanganya. Au tuseme hakujua kama anadanganya.

"Kutoka mlangoni mpaka dukani nitashika nini?" Mama Pindo aliuliza. Alikuwa kalala chali na pamba za dawa machoni.

"Kuna ukuta."

"Wote? Mpaka dukani?"

"Moja kwa moja, kushoto kwako. Hauna kona."

"Wa tofali tupu au una lipu?"

Alifikiri kidogo. "Lipu."

"Mikono yangu itafurahi," akasema. Halafu akaongeza, "Nilikuwa nimependa pale penye mikate."

"Pale pamelala vidole viwili, mama."

"Haya. Wewe ndiye macho yangu. Kama kuna ukuta, twende huko."

Binti peke yake ndiye aliyebisha. "Baba, huo mtaa wenyewe haujazaliwa. Bado uko tumboni."

"Na wewe ulikuwa tumboni," baba akamjibu, "na tulikupangia chumba."

Siku ya kuhama, vyombo vilishushwa barabarani, cherehani ikawekwa juu ya mkeka. Mama Pindo alisimama mlangoni, akageuza kichwa kushoto polepole, kwa lile tundu lake dogo lililobaki. Akatafuta juu. Akatafuta chini.

"Mzee. Ukuta uko wapi?"

"Unakuja. Wiki mbili hizi."

"Uliniambia upo."

"Vigingi vipo, msingi umechimbwa, tofali zile pale. Kwa fundi, mama, hiyo ni sawa na—"

"Mimi si fundi," Mama Pindo akasema. "Mimi ni kipofu."

Neno hilo alikuwa hajawahi kulitamka. Wabebaji wenyewe waliacha kubeba. Alikaa kwenye kiti cha cherehani yake palepale nje, kwenye vumbi, mikono juu ya magoti. Mwisho akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kuanzia leo, niambie kilichopo tu. Kitakachokuwepo kaa nacho mwenyewe."

Kesho yake asubuhi Timazi alidanganya kwamba anafuata misumari, akarudi mbio mtaa wa zamani, nyuma ya tanuri. Mlangoni alikuta kibao cha mtu anayetengeneza simu. Pameshachukuliwa. Alisimama kichochoroni, akaugusa ule ukuta uliolala vidole viwili, uko imara, una joto la tanuri. Alirudi nyumbani na misumari ambayo hakuihitaji.

Wiki mbili zikapita, tatu, sita. Ukuta haukuja. Dalali Kesho alipobanwa alisema mwenye kiwanja na kaka yake wako mahakamani, wanagombea mpaka. "Wakipatana tu, mzee wangu, kesho."

"Ukinitajia tena neno hilo," Timazi akamwambia, "nitakupaka lipu."

Ndipo lilipomjia wazo la uzi. Alikuwa na mzunguko mzima wa uzi wa ujenzi, ule mgumu wa nailoni. Alichomeka miti kando ya njia, mbali na ule msingi, hatua mbili nzima za salama. Mwanzo wa uzi aliufunga kwenye fremu ya mlango wa nyumba, fundo la kifundi, halifunguki. Mwisho akaufunga kwenye nguzo ya duka. Urefu kutoka chini akampima mkewe mwenyewe: alimsimamisha mlangoni, mkono umelegea, akaweka alama penye kiganja.

"Sasa nimekuwa mbuzi wa kamba," Mama Pindo akasema. Lakini aliushika.

Walitembea pamoja siku nyingi. Yeye akishika uzi, mumewe kando, akimweleza kilichopo tu kama alivyoagizwa. Hapa jiwe. Hapa njia inashuka kidogo. Hapa mti wa tatu, una fundo. Uzi wenyewe haukunyooka, maana ulifuata njia ya watu, na njia ya watu ina uvivu wake. Ulipinda huku ukapinda kule. Timazi kila akiuona alijisikia vibaya kama mtu aliyetoka nje kageuza shati. Lakini aliuacha hivyo. Mkewe alihesabu hatua. Mia tatu na nne, kutoka fremu mpaka nguzo.

Asubuhi moja Mama Pindo aliamka akauliza, "Leo hujafungua dirisha?"

Dirisha lilikuwa wazi, jua limejaa kitandani. Timazi alisimama. Akaenda dirishani, akalifunga taratibu lisilie, halafu akalifungua kwa kishindo.

"Haya, nimefungua."

Mama Pindo aligeuza uso wake kuelekea joto.

"Lilikuwa wazi, mzee," akasema.

"Lilikuwa wazi."

Siku ileile mchana Mama Pindo alivaa viatu, akasimama mlangoni. "Leo naenda mwenyewe. Wewe kaa hapo."

Akakaa. Timazi alishika mwanzo wa uzi kwa vidole viwili, pale kwenye fremu, na akagundua kitu ambacho miaka arobaini ya kazi haikumfundisha: uzi ulimletea mwendo wa mkewe. Kila mkono ulipovuka mti, uzi uliruka kidogo. Aliposimama, uzi ulinyamaza, na moyo wa Timazi nao. Alipofika dukani, yule mama mnene alipiga kigelegele kilichosikika mtaa mzima. Alirudi na kiberiti. Alikiweka kiganjani mwa mumewe kama mtu anayetoa mahari.

"Nimekatwa chenji," akasema kwa furaha. "Nimemgombeza mpaka akanirudishia."

Alikwenda peke yake mara kumi na moja. Nyumba ikajaa viberiti, hata majirani wakagawiwa.

Siku ya kumi na mbili Timazi alikwenda mjini kufuata dawa za matone. Na asubuhi ileile, wale ndugu wawili walikuwa wameshapatana, na mafundi wakaja kwenye kiwanja. Lile jambo alilolingoja kila siku lilikuja siku ambayo hayupo.

Kiongozi wa mafundi walimwita Mwiko. Alikuwa mtu mzima, baba wa watoto wanne. Kazi alifundishwa na nani? Na Timazi huyuhuyu, zamani, alipokuwa anambebea zege. Hakujua kama mwalimu wake amehamia pale. Alifika, akaangalia, akaona uzi wa ujenzi umetandazwa kando ya msingi, unapinda huku na kule kama mkojo wa ng'ombe.

"Nani huyu kapiga uzi kombo namna hii?" akauliza, na wenzake wakacheka. Wakauvua kwenye miti, wakaurudisha kwenye vigingi vyake, juu ya msingi, wakauvuta ukanyooka vizuri. Ile ncha ya mlangoni hawakuifungua. Fundo lilikuwa gumu, fundo la kifundi, na wao waliuhitaji tu kuanzia kigingi cha kwanza. Wakaenda ncha ya pili kuchanganya zege, mashine ikaanza kunguruma.

Mama Pindo alitoka, akapapasa fremu, akaupata uzi wake mahali pake. Akaushika.

Msingi ulikuwa na kina cha kiunoni, na chini kuna mawe.

Timazi alipofika hospitali, jambo la kwanza alilofanya, Mungu amsamehe, alifumba jicho moja akaangalia mguu wa mkewe juu ya kitanda. Ulikuwa umegeuka nje. Hakuhitaji daktari wa kumwambia kwamba nyonga imevunjika. Daktari alimwambia yale mengine: mifupa imechoka, moyo wenyewe hauna nguvu ya kupasuliwa. Atarudi nyumbani. Atalala. Kutembea, baba, tusidanganyane.

Nje kwenye benchi alimkuta Mwiko, amejaa vumbi la simenti mpaka kwenye kope, na machozi yamechora mifereji.

"Fundi," akasema. "Ni mimi niliyenyoosha uzi."

Timazi akakaa kando yake.

"Uliukuta kombo?"

"Kombo kabisa, fundi."

"Nilikufundisha nini?"

Mwiko alifuta uso. Akasema kama mtoto anayesoma ubao: "Uzi ukiukuta kombo, nyoosha kwanza. Maswali baadaye."

"Basi," Timazi akasema. Alitaka kuongeza neno, aseme ulifanya vizuri, au aseme si kosa lako. Alimshika bega tu. Walikaa hivyo, mafundi wawili, wanaangalia ukuta wa hospitali, na kwa mara ya kwanza maishani Timazi hakuona kama umesimama au umelala.

Mama Pindo akarudishwa nyumbani, kitanda kikawekwa chini ya dirisha, mahali pa cherehani. Binti alikuja kila Jumapili, na maneno yake makali yalikuwa yameisha. Aliosha vyombo vilivyo safi, akaviosha tena.

Ukuta ulianza kupanda. Sauti yake iliingia dirishani kutwa: koleo, tofali, mwiko ukikwangua. Timazi alikwenda kwa Mwiko akamwomba kazi. Mwenye kiwanja alitaka ukuta wa nje ubaki tofali tupu, kuokoa simenti.

"Nataka mkanda mmoja tu wa lipu," Timazi akasema. "Upana wa shibiri mbili. Kutoka mlangoni kwangu mpaka dukani. Simenti nitanunua mwenyewe."

Mwiko aliangalia alama aliyoonyeshwa, urefu wa kiganja cha mwanamke mfupi. Alimchukulia ndoo akamfuata.

Ilimchukua siku kumi na tisa. Alipiga lipu, akasugua kwa ubao, akarudia kwa sifongo mpaka ikawa laini kama sahani. Kila jioni Mama Pindo aliuliza kutoka kitandani, "Umefika wapi?"

"Pale palipokuwa na mti wa tatu."

"Wenye fundo?"

"Huohuo."

Na kila jioni sauti yake ilikuwa imepungua kidogo. Chakula alikuwa anakirudisha. Muuguzi wa zahanati ya mbali alikuja, akamwangalia, akatoka nje kuzungumza na Timazi kuhusu hali ya hewa.

Siku ya ishirini asubuhi Mama Pindo aliuliza, "Ukuta upo?"

"Upo."

"Upo, au utakuwepo?"

"Upo, mama. Mpaka dukani."

"Basi nipeleke."

"Utaumia."

"Nikilala hapa siumii?"

Gari hakuna, kiti cha magurudumu hakuna. Timazi alichukua toroli lake la kubebea zege, akaliosha kwa sabuni, akatandika godoro la mtoto na mito miwili na shuka. Akambeba. Alipomwinua alikaribia kumrusha, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi.

"Mifuko mingapi?" mkewe akauliza mabegani kwake.

"Nini?"

"Simenti. Mimi ni mifuko mingapi sasa?"

"Mmoja," akasema. "Na haujajaa."

"Ulikuwa unalalamika nimenenepa."

"Nilikuwa mjinga."

Alimlaza ubavu wa kulia, mkono wa kushoto ukabaki huru. Akasukuma polepole, gurudumu linalia. Mafundi wakasimamisha kazi, Mwiko akavua kofia. Mkono wa Mama Pindo ukanyooka, ukatafuta, ukafika kwenye ukuta. Kwa vile alikuwa amelala, ilibidi aunyanyue juu ili aupate ule mkanda. Timazi hakuwa amefikiria hilo. Alikuwa amempima akiwa amesimama.

"Lipu," akasema.

"Lipu."

"Umeifanya laini."

Waliendelea. Kiganja kilikwangua taratibu, sauti kama ya kitambaa kikipita chini ya sindano. Akichoka, mkono ulishuka kwenye tofali tupu, halafu anaurudisha juu tena. Pale palipokuwa na mti wa tatu alipapiga mara mbili, kama mtu anayemsalimia jirani.

Dukani yule mama mnene alitoka na kiberiti, na siku hiyo hakuwa na mzaha. Alikiweka kiganjani mwa mgonjwa, akakunja vidole vyake juu yake, akarudi ndani haraka.

"Hajanidai," Mama Pindo akasema. "Kumbe naonekana vibaya hivyo?"

Wakati wa kurudi, Timazi aligeuza mito, akamlaza ubavu wa pili, ukuta ubaki upande wa mkono.

"Ulihesabu hatua?" mkewe akauliza.

"Mia mbili na kumi."

"Hizo ni zako. Zangu zilikuwa mia tatu na nne." Akaongeza, "Ng'ambo ya pili ya barabara kuna nini? Huko sijawahi kufika."

Timazi akaangalia, akamweleza kama alivyoagizwa, kilichopo tu. "Kiwanja kitupu. Lundo la mchanga. Lori moja, tairi la nyuma halina upepo. Mbuzi wawili wamelala kwenye kivuli chake. Jirani ameanika shuka, moja ina kiraka."

"Kiraka kimeshonwa vizuri?"

"Pindo limefumuka."

"Nilijua." Akacheka kidogo, ikamuuma, akasubiri ipite. Halafu akasema, "Na patakuwa na nini?"

Timazi akasimama. Toroli likasimama.

Alijua. Vigingi vilikuwa vimeshapigwa ng'ambo ya pili, alikuwa ameviona wiki nzima na ameshavipima kwa jicho. Safu ya maduka sita, veranda ndefu kwa mbele, ngazi mbili, mlango mpana wa mwisho labda wa zahanati. Angeweza kumtembeza humo chumba kwa chumba, kama alivyowatembeza watu miaka arobaini. Alifungua mdomo.

"Pata..." akasema.

Mkewe akangoja, kiganja kwenye lipu. Mashine ya zege ilikuwa imezimwa. Mbuzi mmoja alisimama, akajinyoosha, akalala tena.

"Pata..."

"Basi sukuma, mzee wangu," Mama Pindo akasema. "Utaniambia nyumbani."

Akasukuma. Mkono ulifuata ukuta mpaka mwisho, na ukuta ulipoisha penye mlango wao, ulibaki kidogo umenyooka hewani, halafu akaurudisha chini ya shuka, pamoja na kiberiti.